Misumeno miwili ya bendi ya inchi 14, bei zinakaribiana: uchukue upi?

Misumeno miwili ya bendi imesimama dukani bega kwa bega. Yote ni ya inchi 14. Kibati cha kwanza kinasema mashine inapasua hadi inchi 12, cha pili kinasema inchi 12 na nusu. Mota zote zimeandikwa hp 1.5 (nguvu za farasi moja na nusu), meza zinalingana, na bei imepishana kidogo tu. Wanunuzi wengi hapo huchukua yenye namba kubwa, au yenye rangi iliyokaa vizuri.

Namba za kibati hazidanganyi, ila zinajibu swali jingine. Inchi 12 ni nafasi iliyopo kati ya meza na miongozo ya juu ikiwa imepandishwa hadi mwisho. Ni ubao utakaoingia hapo. Kama mashine itaupasua ukatoka umenyooka ni habari nyingine, na habari hiyo imo kwenye fremu, springi ya kukazia na mota, kwa mpangilio huo huo. Vitu vingine vyote unaweza kuvirekebisha au kuvibadilisha baadaye. Fremu inayopinda utaishi nayo.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Inchi 14 ni kipenyo cha magurudumu mawili yanayoendesha bledi, la juu na la chini. Kwa sababu hiyo, nafasi kati ya bledi na nguzo ya fremu huwa pungufu kidogo ya hapo, kama inchi 13 na nusu. Bledi ni ule utepe wenye meno. Mkanda ni ule wa raba unaotoa nguvu kwenye mota na kuipeleka kwenye gurudumu la chini. Na vile vinavyoishika bledi isiyumbe juu na chini ya meza, neno lake la Kiingereza likitamkwa kwetu linageuka gaidi, kwa hiyo hapa tutasema miongozo.

Fremu na springi

Bledi ya chuma cha kawaida ya upana wa nusu inchi, unene wa milimita 0.6, ili ipasue bila kujipinda ndani ya ubao inahitaji kuvutwa kwa takriban nyutoni 100 kwa kila milimita mraba ya chuma chake. Ukiacha meno na kuhesabu mgongo tu, una kama milimita mraba 6.4. Hiyo ni nguvu ya kilo 65 upande mmoja wa bledi. Gurudumu la juu linavutwa na pande mbili, kwa hiyo fremu inabeba kilo 130 muda wote mashine ikiwa imekazwa, hata kabla hujawasha.

Sasa weka bledi ya robo tatu inchi yenye unene wa milimita 0.8. Mzigo unafika karibu kilo 245. Ukichukua bledi ya metali mbili au yenye ncha za kabaidi, ambazo hutaka mvuto wa nyutoni 170 na zaidi kwa milimita mraba, unaingia kwenye kilo 400. Kitabu cha mashine kikisema inapokea bledi hadi robo tatu inchi, kinamaanisha itakaa juu ya gurudumu na kupita kwenye miongozo. Kuikaza inavyotakiwa hakijaahidi.

Hapa ndipo aina mbili kubwa za inchi 14 zinapoachana. Ya kwanza ni ile ya zamani ya chuma cha kusubu, muundo ambao Delta ya Marekani waliutoa miaka ya 1930 na viwanda vya Taiwan na China vikaunakili hadi leo chini ya majina kibao. Utaitambua kwa mkono wa juu uliopinda kama shingo ya bata, uliofungwa kwenye mwili wa chini kwa boliti moja nene. Ikiwa kama ilivyotoka kiwandani inapasua inchi 6 na inatumia bledi ya inchi 93 na nusu, yaani milimita 2375. Ya pili ni ya pleti ya chuma iliyokunjwa na kuchomelewa ikawa boksi kutoka juu hadi chini, mtindo wa Kiitaliano, ambao sasa karibu kila muuzaji anao: Laguna, Rikon, Record Power na wengineo. Hii nguzo yake ni ndefu tangu mwanzo na inapasua inchi 10 hadi 13 bila nyongeza.

Mashine ya kusubu inaweza kuongezwa kipande cha inchi 6 kati ya mkono na mwili ili ifikie inchi 12, na bledi inakuwa ya inchi 105. Inapata urefu, lakini springi ni ile ile na boliti ni ile ile, na mkono sasa una shingo ndefu zaidi ya kupinda. Kwa nusu inchi itavumilia. Kwa robo tatu, utaizungusha nobu ya kukazia hadi pingili za springi zigusane, na springi iliyoshikamana pingili si springi tena: bledi ikipata joto na kurefuka kidogo, mvuto unaanguka ghafla na ubao unatoka na tumbo.

Kwa hiyo ukiona mbili zenye bei karibu sawa, moja ya kusubu yenye kipande cha nyongeza na nyingine ya boksi la pleti, na kazi yako ni kupasua, chukua ya boksi. Kama kazi yako ni mikunjo, miguu ya viti, migongo ya vitanda na ndimi za maungio, ya kusubu ya inchi 6 haina ubaya wowote. Ni nzito, haina mtetemo mwingi, na spea zake zinaingiliana na za nusu ya mashine zilizowahi kutengenezwa.

Uzito nao unasema kitu. Ya kusubu huwa kwenye kilo 80 hadi 90, ya boksi huwa 95 hadi 120. Mashine ya inchi 14 ya sakafuni ambayo wewe peke yako unaiinua kona moja kwa mkono mmoja kama kiti cha plastiki, pleti yake ni nyembamba, na utalilipia hilo siku ya kwanza ya kupasua mninga.

Kuipima palepale dukani

Kipimo cha mvuto kilichochorwa kwenye mashine kinasoma springi imebonyea kiasi gani, hakisomi bledi. Mara nyingi kinadai robo tatu wakati bledi ina mvuto wa nusu yake. Njia ya uhakika inahitaji kalipa ya dijitali inayosoma milimita 0.01 na vibanio viwili vidogo.

Chomoa plagi. Legeza bledi, kisha ikaze kidogo tu hadi iache kulegea. Fungua kalipa kwenye milimita 150, ibane taya moja kwenye bledi juu na nyingine chini, kwenye ule upande wa bledi ulio mbali na miongozo, na uhakikishe kalipa inateleza bila kukwama. Bonyeza sifuri. Sasa zungusha nobu ya kukazia ukitazama namba. Chuma kikivutwa nyutoni 100 kwa milimita mraba, kipande cha milimita 150 kinarefuka milimita 0.075. Kwa hiyo ukiona 0.07 au 0.08, bledi ya chuma cha kawaida imekazwa sawasawa. Kwa bledi ya metali mbili tafuta 0.13.

Fanya hivi kwa bledi pana zaidi unayokusudia kuitumia, si ile nyembamba iliyokuja na mashine. Kuna mambo matatu ya kutazama: namba ilifika? Ilipofika, pingili za springi bado zina nafasi ya karatasi mbili tatu kati yake? Na magurudumu mawili yamebaki kwenye mstari mmoja, au la juu limeinama mbele? Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye nyuso za magurudumu yote mawili, kabla ya kukaza na baada ya kukaza. Tofauti ya milimita moja inarekebishika kwa nobu ya kuinamisha gurudumu. Ikiwa nobu hiyo imefika mwisho na bledi bado inakimbilia ukingoni, fremu imepinda, iache hapo. Toa kalipa na vibanio kabla hujagusa swichi. Hili si la kukumbushwa mtu mzima, lakini tunakumbusha.

Muuzaji akikataa usifanye kipimo hiki, nacho ni kipimo.

Unene wa bledi na kipenyo cha gurudumu

Bledi inakunjwa na kunyooshwa mara mbili kila mzunguko. Kadiri inavyokuwa nene kwenye gurudumu dogo, ndivyo inavyochoka na kupasuka mapema, kwa kawaida ufa ukianzia kwenye bonde kati ya jino na jino. Magurudumu ya inchi 10 hadi 12 yanataka unene wa milimita 0.5, ya inchi 14 milimita 0.6, ya inchi 16 hadi 18 na kuendelea ndiyo yanaweza milimita 0.8. Ukikatikiwa na bledi za 0.8 kwenye mashine ya inchi 14 kila baada ya wiki, usimlaumu mchomeleaji. Kwa mashine nyingi za inchi 14, bledi ya nusu inchi yenye meno 3 kwa inchi na unene wa 0.6 ndiyo itapasua vizuri kuliko robo tatu iliyolegea.

Mota, na umeme wetu

Hp 1.5 ni kama wati 1,100. Swali ni wati za wapi. Watengenezaji wengine huandika nguvu inayoingia kwenye mota kutoka ukutani, wengine huandika inayotoka kwenye shafti. Mota ndogo ya fezi moja inayokula wati 1,100 hutoa takriban robo tatu yake au pungufu, yaani karibu hp 1. Tafuta P2 kwenye kibati, hiyo ndiyo ya shafti. Ukiona P1, ni ya ukutani. Na ukiona S6 40%, maana yake mota imepimwa kwa dakika 4 za kazi na 6 za kuzunguka bure katika kila 10. Kwa nyumbani hiyo inatosha, kwa karakana inayopasua asubuhi hadi jioni haitoshi. Huko tafuta S1, yaani mota ya kufanya kazi mfululizo.

Kupasua msonobari wa inchi 6, hp 1 ya kweli inatosha. Mninga, mkongo au mtiki wa inchi 10, anza na hp 2.

Kisha kuna volti. Nguvu ya mota kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti. Jioni umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, mota inabaki na kama asilimia 68 ya msukumo wake. Mashine iliyokuwa inapasua saa nne asubuhi inakwama saa moja usiku, na watu wanabadilisha bledi bila sababu. Waya wa kuunganishia nao unachangia: mota ya wati 1,100 inakula kama ampea 7 ikikimbia, lakini wakati wa kuwaka inaweza kuvuta 40. Kwenye waya wa mita 20 wenye milimita mraba 1.5, karibu volti 20 zinapotea njiani kwa sekunde hiyo. Tumia wa 2.5, na usiuache umeviringishwa kwenye gurudumu lake.

Mota ikivuma bila kuzunguka, shuku kapasita ya kuwashia kabla ya kuisema mota imeungua. Inauzwa kwenye duka lolote la umeme. Soma mikrofaradi na volti kwenye ile ya zamani ununue sawa nayo.

Swichi iwe ile ambayo umeme ukikatika inajizima, na ukirudi hadi uibonyeze tena. Kwetu umeme hukatika katikati ya kazi, mtu anaondoka, watoto wanacheza karakanani, umeme unarudi. Swichi ya kawaida ya ukutani itaiwasha mashine bila mtu. Kama mashine unayoipenda haina, ongeza gharama ya swichi hiyo kwenye bei unapolinganisha.

Kwa walio na ndugu Marekani wanaotuma vitu kwa kontena: mashine ya volti 110 ukiiwekea transfoma itapata volti zake, lakini transfoma haibadilishi hezi. Mota ya hezi 60 kwenye hezi 50 zetu inazunguka kwa asilimia 83 ya kasi yake, na ikipewa volti 110 zile zile inachemka zaidi. Bledi iliyokusudiwa kwenda mita 15 kwa sekunde inakwenda 12.5. Kukata inakata, ila mota haina maisha marefu. Mara nyingi ni nafuu kung'oa mota hiyo na kuweka ya 230 kisha kubadilisha puli.

MJ344, MJ345 na ndugu zao

Kwenye maduka ya mashine za mbao Afrika Mashariki utakuta pia zile za Kichina zenye jina linaloanza na MJ34. Tarakimu ya mwisho ni kipenyo cha gurudumu: MJ344 ni milimita 400, MJ345 ni 500, MJ346 ni 600. Hizi ni za karakana, nzito, na kwa bei ya inchi 14 mpya yenye jina kubwa wakati mwingine unapata MJ344, au MJ345 iliyotumika.

Kwa kupasua, MJ345 inaishinda inchi 14 yoyote. Kinachokwamisha nyumbani ni umeme, kwa kuwa nyingi zina mota ya fezi tatu. Dawa yake ni inverta ya kuendeshea mota, ile inayopokea fezi moja ya 230 na kutoa tatu za 230. Kabla hujalipia, soma kibati cha mota. Ikiwa imeandikwa 230/400, mota itaunganishwa kwa pembetatu (delta) na inverta itaiendesha kwa nguvu zake zote. Ikiwa imeandikwa 400/690, inverta hiyo haiwezi kuipa volti inazotaka, na mota itakuwa dhaifu hata ukipiga dua. Zaidi ya kilowati 2.2 kwenye fezi moja ya nyumbani, ongea na fundi umeme kwanza. Pima mlango pia, uone kama mashine itapita.

Kwenye iliyotumika, piga tochi ndani ya fremu kutafuta nyufa na sehemu zilizochomelewa tena, hasa karibu na pale gurudumu la juu linaposhikiliwa. Toa bledi, zungusha gurudumu kwa mkono. Likisimama mahali pale pale kila mara, halina mizani. Shikilia penseli karibu na raba iliyovikwa ukingoni mwake: nafasi ikicheza zaidi ya nusu milimita kwa mzunguko mmoja, ama raba imeisha, ama shafti imepinda. Raba inabadilishwa, beringi zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kwa kutaja namba tu. Shafti iliyopinda ni kazi ya mtu wa leti.

Miongozo, na kwa nini isikuteke

Matangazo yanapenda kuonyesha miongozo: beringi, kauri, diski za Kizungu. Zote zinafanya kazi zikisetiwa, na zote hazifanyi kitu bledi ikiwa imelegea. Vipande vya mbao ngumu vyenye mafuta, mpingo kwa mfano, vikikatwa kwa kipimo cha vile vya kiwandani vinaongoza bledi nyembamba ya robo inchi vizuri kabisa, na meno yakivigusa hayafi kama yanavyokufa kwenye chuma.

Ya pembeni iwe na nafasi ya karatasi moja ya kawaida kila upande, kama milimita 0.1, na ukingo wake wa mbele ukae nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Ya nyuma iache nafasi ya karatasi nne. Izunguke pale tu unaposukuma ubao. Ikizunguka muda wote bila kazi, inakula mgongo wa bledi.

Kinachostahili kuangaliwa kuliko aina ya miongozo ni nguzo inayoibeba. Ishushe hadi inchi 2 juu ya meza, iseti, kisha ipandishe hadi juu na utazame nafasi ya karatasi ile. Kwenye mashine nzuri imebaki kama ilivyokuwa. Kwenye mashine ya hovyo, bledi sasa imebanwa upande mmoja, na utakuwa unaiseti upya kila unapobadilisha unene wa ubao. Mbili zikiwa sawa kwa mambo mengine yote, hili liamue.

Kwenda upande na kutoa tumbo

Watu huchanganya magonjwa haya mawili, kisha wanalaumu mashine. Ubao ukifuata fensi (ule ukingo wa mezani unaouongoza) lakini mkato unakimbia kushoto au kulia kwa mstari ulionyooka, bledi inakwenda upande. Inamisha gurudumu la juu hadi mabonde ya meno yakae katikati ya raba, seti fensi sambamba na mfereji wa meza, jaribu tena. Mara nyingi imeisha. Ikibaki, meno ya upande mmoja yamekufa, labda yaligusa msumari au mwongozo wa chuma.

Uso wa ubao ukitoka umebonyea katikati au umevimba kama pipa, hilo ni tumbo: bledi imejikunja ndani ya mti. Sababu ni mvuto mdogo, bledi butu, kusukuma kwa pupa, au meno mengi mno. Bledi ya meno 6 kwa inchi kwenye ubao wa inchi 8 ina meno 48 ndani ya mti kwa wakati mmoja. Unga unajaa mabonde kabla haujatoka, na bledi inatafuta njia yake. Meno 3 kwa inchi, tena yenye ncha zilizoinama mbele, ndiyo ya kupasua. Kwa ubao wa inchi 1 rudi kwenye meno 6 hadi 10.

Upana wa bledi unaamua kona. Robo inchi inageuka kwenye duara la nusu kipenyo cha kama inchi 5/8, nusu inchi inataka inchi 2 na nusu, na robo tatu inataka zaidi ya inchi 5. Kona za mgongo wa kiti hazikatwi kwa bledi ya kupasua.

Miti nayo ina tabia. Msonobari wa Sao Hill unaacha utomvu kwenye bledi. Ifute kwa mafuta ya taa, bledi ikiwa imesimama na plagi imechomolewa. Mtiki una silika na unaua meno haraka. Mvule wakati mwingine una chokaa iliyoganda ndani kama jiwe, na bledi mpya inaweza kuisha kwa mkato mmoja. Mkaratusi umebeba mvutano ndani yake: unapoupasua pande mbili zinafumba na kuibana bledi, basi weka kabari nyuma ya mkato kadiri unavyosonga.

Bledi itatoka wapi

Hapa ndipo mashine mbili zinazofanana zinaweza kuachana kabisa. Moja inatumia milimita 2375, urefu ambao kila mchomeleaji anaujua. Nyingine ina urefu wake yenyewe. Si kikwazo kama mjini kwako kuna anayeuza roli na kuchomelea kwa kipimo. Kama hayupo, unanunua mashine na utumwa pamoja. Urefu unaupata hivi: weka gurudumu la juu katikati ya safari yake, pima kwa futi kamba kutoka kitovu hadi kitovu, zidisha mara 2, ongeza kipenyo mara 3.14. Magurudumu ya milimita 350 yaliyoachana 650 yanataka kama 2,400.

Kuunga nyumbani kunawezekana kwa solda ya fedha. Lalisha ncha mbili pamoja, moja ikiwa imegeuzwa, uzisugue kwenye jiwe kwa mshazari wa milimita 5 ili zilaliane bila pengo. Safisha, paka dawa ya kuchomelea, weka kipande chembamba cha solda katikati, bana ncha zote mbili kwenye mstari ulionyooka, pasha moto hadi wekundu hafifu. Ikiyeyuka na kuenea, ondoa moto na uiache ipoe yenyewe; ukimwagia maji unaifanya ngumu kama kioo na itakatika kwenye gurudumu la kwanza. Kisha piga tupa hadi unene wa kiungo ulingane na bledi, maana uvimbe wowote utagonga mwongozo kila mzunguko, na utausikia: tak, tak, tak.

Ukienda kununua, beba ubao wako mwenyewe wa inchi 6, mkavu, uliopigwa randa uso mmoja na ubavu mmoja. Omba wakuwekee bledi mpya ya nusu inchi yenye meno 3, ikaze kwa kalipa, pasua kipande cha unene wa milimita 3 kwa urefu wa futi mbili. Kipime unene juu, katikati na chini, mwanzo na mwisho. Mashine iliyotoa tofauti ya chini ya nusu milimita ndiyo ya kuanza kujadiliana nayo bei.